Mdomo wa Kaveera

"Kaveera ni kaveera," kasema kijana mmoja wa boda hapa steji yetu ya Kisenyi, na nusu ya kijiwe ikaitikia. Alikuwa amemwona Hajji wa viungo akimpimia mteja bizari na kuitia katika kifuko cha zipu, kile unachokibana kwa vidole kikajifunga. Hoja yake ni kwamba kama serikali inakataza plastiki, basi ikataze zote, hicho cha Hajji na ile nyeusi ya kubebea nyanya, maana kwetu kaveera ni mfuko wowote wa plastiki. Nimesonya mpaka waliokuwa ng'ambo ya barabara wakageuka. Hapana, mdogo wangu. Iko kaveera iliyotengenezwa ife kabla hujafika nyumbani, na iko iliyotengenezwa ifunguliwe tena kesho. Mji huu wa Kampala umegombana juu ya kaveera miaka nenda miaka rudi bila kuzitenga hizo mbili, na ndiyo maana ugomvi wenyewe hauishi.

Hebu kumbukeni tulikotoka. Bajeti ya 2007 ilikataza kaveera nyembamba kuliko mikroni 30, na zilizobaki ikazibandika ushuru wa asilimia 120. Ikaja Sheria ya Fedha ya 2009, kali kuliko hiyo. Mwaka 2012 Jaji Eldad Mwangusya wa Mahakama Kuu akatamka kwamba kaveera zinavunja haki ya raia ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kesi yenyewe shirika la mazingira la Greenwatch lilikuwa limeifungua 2002. Miaka kumi, jamani! Mtoto aliyezaliwa siku ile kesi inaandikishwa alikuwa ameshafika darasa la nne hukumu inasomwa. Mwaka 2015 NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, wakatoka na operesheni, maduka yakakaguliwa, kelele zikapigwa, wenye viwanda nao wakalia kwamba ajira zinakufa, moto ukapoa. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 ikaja kurudia mikroni 30 zilezile. Leo teremka hapo kwenye maduka ya Kikuubo ukanunue sabuni kipande kimoja. Utapewa kaveera hata hujaiomba.

Sasa niambieni, mikroni 30 nani anaiona? Ni chini ya nusu ya unene wa unywele wa kichwa chako. Mama wa soko la Kalerwe anayefunga fungu la nyanya ataijuaje? Askari wa jiji anayemnyang'anya ataipima kwa jicho? Tumechukua kipimo kinachotaka chombo maalumu tukakitia mikononi mwa watu wasio na chombo, halafu tunashangaa kwamba hakuna kinachopimwa. Lakini mdomo wa zipu, hata mtoto wa chekechea anauona, anaufunga na kuufungua. Kwangu mimi hapo ndipo penye tofauti, wala haihitaji mtaalamu.

Kijana wa boda akaniuliza, kwa hiyo zipu inaifanyia nini plastiki, inaigeuza chuma? Swali zuri. Likanifanya nikae chini, nikaomba kahawa ya pili, maana watu wengi wanakitumia kifuko hiki bila kujua kuna akili gani ndani yake.

Plastiki yenyewe ni politheni, ileile ya kaveera nyeusi. Iligunduliwa bila kutafutwa, tarehe 27 Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza. Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakiibana gesi ya ethilini kwa mgandamizo mkubwa ajabu, wakakuta vumbi jeupe kama nta limebaki ndani ya chombo. Tabia ya kitu hicho ndiyo iliyoleta kila kinachotuhusu hapa: kinalainika kwa moto wa kiasi, kinavutika kikawa utando, hakipitishi maji, na ukikipinda kinarudi. Hilo la kukipinda kikarudi lishikeni, ndilo litakalokuja kufanya kazi kwenye zipu.

Zipu ya plastiki isiyo na meno alikuwa nayo Mdenmark mmoja, Borge Madsen. Mwaka 1951 haki zake zikanunuliwa na familia ya Ausnit, watu wa asili ya Romania waliokuwa wamehamia Marekani: baba Max, ami Edgar na kijana Steven. Mwanzoni kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu zipu ilitengenezwa peke yake, kisha ikachomelewa kwenye mfuko. Gharama juu, na zikivuja hasara. Kumbe Japani kampuni ya Seisan Nippon Sha ilikuwa imepata njia ya kutoa mfuko na zipu yake kwa mkupuo mmoja, katika mashine moja, bila kuchomelea. Ausnit wakanunua ruhusa ya kutumia njia ile. Kampuni ya Dow nayo ikachukua haki ya kuuza kwa watu wa majumbani, na mwaka 1968 ikaingiza sokoni jina ambalo hata hapa Kampala wengine hulitumia kwa kila kifuko cha zipu, Ziploc. Sikilizeni vizuri: kutoka 1951 mpaka 1968, miaka 17 watu wanahangaika na mdomo wa mfuko tu. Sisi mdomo huo tunaukata kwa meno.

Na hili la meno si letu peke yetu. Steven Ausnit amesimulia kwamba aliwahi kupeleka mfuko wake kwa bosi wa kampuni ya sahani za muziki, apate kuwekea sahani. Bosi akamwita msaidizi wake wa ofisini, akamkabidhi mfuko, akamwambia aufungue. Yule dada akaugeuza, akautazama, kisha akauchana. Biashara ikafia hapohapo. Kitu kinaweza kuwa kimebuniwa kwa uangalifu mkubwa, lakini kama anayekipokea hajaonyeshwa pa kukishika, kwake ni takataka yenye urembo.

Basi mashine inafanyaje? Punje za plastiki zinamiminwa kwenye bomba la chuma lililopashwa moto. Parafujo ndefu inayozunguka ndani yake inazisaga, inaziyeyusha na kuzisukuma mbele. Mwisho wa bomba kuna pete ya chuma yenye mwanya mwembamba wa mviringo. Plastiki laini inatoka hapo ikiwa bomba jembamba, upepo unalijaza kutoka ndani likavimba, likapanda juu kama puto refu, likapoa, likabanwa bapa na kuviringishwa. Hadi hapo umetengeneza kaveera ya kawaida. Lakini ukichonga vijidirisha viwili katika ule mwanya wa pete, kimoja chenye umbo la ulimi wenye kichwa na kingine chenye umbo la mfereji wenye ndoano pande zote mbili, puto litatoka likiwa na ulimi na mfereji juu yake toka kuzaliwa. Wanaukutanisha ulimi na mfereji, wanakata pande kwa kisu cha moto kinachokata na kuziba kwa pamoja, na kifuko tayari.

Hapo panasikika rahisi. Ugumu ni kwamba zipu ni nene kuliko utando mara nyingi, na kilicho kinene hupoa polepole. Utando ukiganda mapema na zipu bado ni laini, zipu itavutwa, itapinda, na kifuko kizima kitajikunja. Ndiyo maana kiwanda makini huielekezea zipu upepo wake wa pekee. Ukiona kifuko ambacho mdomo wake umejikunja hata kabla hujakitumia, jua kuna mtu aliyeharakisha mashine ili apate kilo nyingi kwa siku.

Jambo ninalolipenda zaidi ni zile ndoano. Katika kifuko kizuri hazilingani. Ya upande wa ndani ni kubwa na ngumu, ya upande wa nje ni laini. Kilichomo kikisukuma kutoka ndani, mdomo unagoma. Wewe ukivuta kutoka nje kwa vidole viwili, unakubali. Na ile midomo miwili ya juu hukatwa mmoja mrefu kuliko mwenzake, ili kidole kipate pa kuingia hata gizani, hata kama umeme umekatika. Na lile la plastiki kupindika ikarudi, ambalo niliwaambia mlishike, kazi yake ni hii: kila ukibana, ndoano zinatanuka, ulimi unapita, ndoano zinarudi mahali pake. Mara mia na zaidi kama kifuko ni kizuri. Pabovu ni kwenye kona mbili, ambako kisu cha moto kimeibonyeza zipu. Kikivuja, anza kutazama hapo.

Wakati nasema hayo, fundi wa simu wa hapa jirani, kijana wa Kikongo, akafungua droo yake akatuonyesha. Skrubu za kila aina ya simu katika kifuko chake, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Vifuko vyenyewe amevikuta kwa watu, vingine vilikuja na betri, vingine na nyaya. Dada wa duka la dawa akasema kwake vidonge vinatoka katika vifuko vya zipu vilivyochapwa mistari ya jina la dawa na mara ngapi kwa siku. Wazee wanakumbuka vidonge vilivyofungwa katika karatasi ya daftari la shule, vinafika nyumbani vimelowa jasho la mkono na hakuna anayejua kipi cha malaria na kipi cha maumivu. Kisha nikamgeukia kijana wangu wa boda. Nikamwuliza, leseni yako na kitambulisho chako umeviweka wapi, na mvua hizi? Akaingiza mkono kwenye koti. Akatoa kifuko cha zipu kilichochakaa mpaka kimekuwa cheupe kwenye mikunjo. "Hiki nakaa nacho tangu mwaka juzi," akasema, na kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Lakini sitaki mseme nimekuja kuipigia debe plastiki. Hesabu lazima ifanywe, na nitaifanya mbele yenu. Chukua kaveera ya upana wa sentimeta 20 na urefu wa 30, nyembamba, ya mikroni 15. Ina kuta mbili, na politheni ina uzito kama wa gramu 0.92 kwa kila sentimeta ya ujazo. Utapata gramu moja na nusu na kidogo. Chukua kifuko cha zipu cha ukubwa huohuo, cha mikroni 50. Ni gramu tano na nusu, na zipu yenyewe bado hujaipima. Maana yake kifuko cha zipu kinakula plastiki zaidi ya mara tatu. Ukikitumia mara moja ukakitupa, umeuumiza mji mara tatu zaidi ya mwenye kaveera nyeusi. Ni kuanzia safari ya nne au ya tano ndipo kinapoanza kukulipa. Kwa hiyo anayekitetea, na mimi nakitetea, lazima akitumie tena. Hana ujanja mwingine.

Tazameni Watanzania walivyolifikiria hili. Walipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019, tangazo lao kwa wasafiri lilieleza kwamba kifuko cha zipu ambacho mtu amewekea sabuni na mswaki kinaruhusiwa, kwa kuwa kinatarajiwa kubaki mikononi mwa mwenyewe wala hakitatupwa nchini. Nimeirudia sababu hiyo kichwani mara nyingi. Hawakuuliza plastiki ni nene kiasi gani. Waliuliza, itabaki na nani? Hilo ndilo swali ambalo sisi hatujaliuliza. Wao nao hawakumaliza kazi siku moja, maana vifungashio vyembamba vya karanga na barafu viligeuzwa vibebeo, na 2021 serikali ikabidi ivishukie. Rwanda walianza 2008, Zanzibar 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 kwa faini ya kufika shilingi milioni nne za kwao au kifungo cha miaka minne. Tangu hapo kaveera zinazotoka kwetu zinakamatwa mpakani Busia kama magendo. Ebo! Uganda yenye kahawa nzuri namna hii, jirani atukamate kwa kaveera!

Na kwa kuwa kahawa imetajwa, kuna zipu ambayo siitetei hata chembe. Ile mifuko ya kahawa inayosimama yenyewe, mizuri, imechapwa picha ya mlima, ina zipu juu na tundu dogo la kupumulia. Nawaelewa wakaangaji wetu. Politheni huzuia maji lakini hewa inapenya polepole, na kahawa ikipigwa na hewa harufu yake inakwenda. Kwa hiyo wanapandanisha matabaka: plastiki ngumu ya kuchapia nje, alumini katikati, politheni ndani. Kahawa inanusurika. Ila mfuko wenyewe ukichakaa hakuna anayeweza kuyatenganisha yale matabaka, na mwokota plastiki anaupita, kwa sababu hakuna kiwanda kitakachomlipa. Zipu hapo haijengi mazoea ya kurudia chochote. Wengi tunamaliza kahawa, tunatupa. Kopo la bati lenye kifuniko lingefaa zaidi, na kahawa ya bei ile inaweza kulibeba kopo. Hata vile vifuko vya dawa, dada wa duka la dawa anisamehe, vingi vinatupwa vidonge vikiisha, na afadhali angevipokea vikiwa safi akawapa mafundi kama huyu wetu kuliko kuviacha vifike mtaroni.

Maana mtaroni tunajua vinaenda wapi. Mfereji wa Nakivubo unapita hapa chini yetu, unakusanya Kisenyi, Owino na maegesho ya taksi, unamwaga katika Ghuba ya Murchison. Ghuba hiyohiyo ndiyo ina mitambo ya Ggaba inayovuta maji ya mji huu kunywa. Kilichookolewa kisifike ziwani kilikuwa kinapelekwa Kiteezi, jalala lililofunguliwa 1996 na kuachwa lijae hadi likawa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima huo uliporomoka juu ya nyumba za watu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Watoto walikuwamo. Mimi hapo sina la kusonya, namezea tu. Kila nikiona kaveera iliyotumika kwa dakika kumi, kutoka kibandani hadi mlangoni, nawakumbuka wale waliokuwa wamelala chini ya mlima ule.

Kuna watakaosema Uganda haiwezi kukataza kitu kikakatazika. Si kweli. Mmesahau vile vifuko vya pombe kali ya waragi, vya kuchanwa kwa meno? Vilijaa kila steji, vijana wetu walivimaliza asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Mwaka 2019 vikatoka madukani. Vilitoka kwa sababu serikali ilikwenda kwa mwenye mashine ya kufungasha ikamwambia chupa au uache, na wala haikuanza kumkimbiza mama muuzaji. Kaveera ifanyiwe hivyohivyo. Mashine za kupuliza utando zinahesabika, ni mzigo wa chuma wa kujaza ukumbi mzima, zinakula umeme, haziwezi kufichwa chini ya meza. Mikroni zipimwe pale, utando unapotoka ukiwa bado na joto. Na mwenye kiwanda anayelia ajira, mashine hiyohiyo, parafujo hiyohiyo, akinunua pete nyingine ya kutolea na vipozeo vya zipu, anaweza kutengeneza kifuko cha kudumu, na punje anazotumia zikawa zilezile. Ajira hazifi. Zinabadilisha pete.

Hajji wa viungo alikuwa kimya muda wote, anapima iliki. Kisha akasema yeye ataanza kumpunguzia bei mteja atakayerudi na kifuko chake. Mama anayeuza mukene, dagaa wa ziwani, akamdaka hapohapo: Hajji, kwako wewe ni rahisi, mukene wangu wana vumbi na harufu, na unga wa Kisenyi nao unaingia kwenye mfereji wa zipu usibane. Kweli tupu. Basi tukayamaliza palepale. Unga unatolewa kwa kitambaa chenye unyevu, unakipitisha kutoka kona hadi kona kabla ya kufunga. Kifuko kinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, si maji yanayochemka, kwa sababu zipu ikilainika inapinda na haitabana tena. Unakigeuza ndani nje, unakianika mdomo chini kivulini. Chakula cha moto hakitiwi humo kabisa, kina jani la mgomba na sufuria yake. Harufu ya mukene haitoki kwenye politheni hata uioshe vipi, kwa hiyo cha mukene kiandikwe mukene na kibaki cha mukene, na akija mtu na kifuko kinachonuka samaki akataka kutiliwa bizari, Hajji ana ruhusa ya kijiwe kizima kumrudisha nyumbani akalete kingine.